Si kila goti livimbalo ni baridi yabisi

Mwaka wa 1997 nilikuwa mwalimu wa darasa la saba katika shule moja ya msingi ya bweni. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mvulana wa miaka 12, mwembamba, mpole, hodari wa hesabu na mwepesi wa mbio kuliko wenzake wote. Muhula wa pili ulipoanza, mvulana huyo akawa anachelewa gwarideni. Alikuja akichechemea, leo mguu wa kulia, kesho wa kushoto. Mwalimu wa zamu alipomwuliza ni mguu upi hasa unaomuuma, alishindwa kujibu. Sote tuliokuwapo tulicheka. Mtu anayejisingizia ugonjwa, tulisema, husahau mguu aliouchagua jana. Aliadhibiwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomwadhibu.

Wenzake bwenini walijua zaidi yetu. Walijua kwamba usiku wa manane huamka akalia, akakaa kitandani akiyasugua magoti yake hadi alfajiri. Hawakutuambia, kwa kuwa hatukuwauliza. Hatimaye goti moja lilivimba, akapelekwa kwenye zahanati ya karibu. Huko aliambiwa kwamba ana baridi yabisi, akashauriwa avae sweta na asiogee maji baridi, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Havikumfaa. Mamake alimpeleka kwingine, na huko, bila ya tone moja la damu yake kupimwa, akapewa dawa ya steroidi. Baada ya wiki moja alikuwa uwanjani akikimbia. Mama alituma salamu za shukrani shuleni, nasi tukazipokea kana kwamba tulistahili.

Furaha hiyo haikudumu. Wiki tano baadaye maumivu yalirudi kwa kishindo, safari hii pamoja na homa, fizi zinazovuja damu na viganja vilivyopauka kama karatasi. Katika hospitali kubwa alikofikishwa, damu yake ilipimwa na uboho wake ukachunguzwa kwa hadubini. Jibu lilikuwa lukemia, yaani saratani ya damu. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka huo huo, kabla ya shule kufungwa.

Sisemi kwamba lau ugonjwa ungaligunduliwa mapema angalipona bila shaka. Hilo silijui. Nijualo ni kwamba takriban miezi mitatu ilipotea, na kwamba mimi ni mmoja wa walioipoteza. Ndiyo sababu nimeshika kalamu leo kuwaandikia walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wetu. Hoja yangu ni moja: maumivu ya viungo ya mtoto yanayoendelea, na hasa yale yanayomwamsha usiku, yasipewe jina la baridi yabisi, wala yasitibiwe kwa steroidi, kabla ya damu yake kupimwa ipasavyo.

Tuanze na jina lenyewe, maana majina yana nguvu ya kuongoza mawazo ya watu. Neno yabisi limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kavu. Basi baridi yabisi ni baridi kavu. Jina hili ni masalio ya utabibu wa kale ulioamini kwamba afya ya binadamu hutawaliwa na joto na baridi, unyevu na ukavu, na kwamba ugonjwa huzuka pindi mizani hiyo inapopotoka. Utabibu huo umekwisha kupitwa na wakati, lakini jina limebaki, na pamoja nalo imebaki imani kwamba maumivu ya viungo huletwa na hali ya hewa. Mama aambiwapo kwamba mwanawe ana baridi yabisi, hununua sweta. Mwalimu aambiwapo hivyo, humruhusu mtoto asioge asubuhi. Hakuna anayefikiria damu, kwa kuwa jina halikuitaja damu.

Jina la ugonjwa wa pili lilizaliwa kwa njia nyingine. Mnamo mwaka wa 1847 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, aliunda neno hilo kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya damu nyeupe, kwa sababu aliona kwamba damu ya wagonjwa fulani ilikuwa imejaa chembe nyeupe kupita kiasi. Hapa jina lilitokana na kilichoonekana kwa hadubini. Tofauti ya majina haya mawili ndiyo tofauti ya njia mbili za kutazama ugonjwa: moja hukisia, nyingine huchunguza.

Je, inawezekanaje ugonjwa wa damu ujidhihirishe katika goti? Wanafunzi wanaosoma biolojia watanielewa upesi. Ndani ya mifupa mna uboho, na uboho ndio kiwanda cha damu. Humo hutengenezwa chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na viini vya maradhi, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda tunapojikata. Kwa mtu mzima, uboho mwekundu unaotengeneza damu hubakia hasa katika mifupa ya kiwiliwili kama vile kifua, uti wa mgongo na nyonga. Kwa mtoto umeenea hata katika mifupa mirefu ya mikono na miguu.

Lukemia inapoingia, chembe nyeupe changa huzaana ovyo bila ya kukomaa wala kufanya kazi yoyote, zikaujaza uboho kama magugu yanavyolijaza shamba lisilopaliliwa. Mfupa ni mgumu, hauwezi kutanuka. Shinikizo huongezeka ndani yake na ngozi nyembamba inayoufunika mfupa huvutwa. Kwa kuwa shughuli hii huwa kubwa karibu na ncha za mifupa, mtoto huhisi kwamba kinachouma ni kiungo. Pengine chembe hizo hujipenyeza hata katika utando wa ndani wa kiungo chenyewe, nacho kikavimba na kujaa maji. Kwa hiyo mtoto hadanganyi asemapo kwamba leo anaumwa na goti na kesho kifundo cha mguu. Mfupa mmoja unaachia na mwingine unashika. Mvulana wetu hakusahau mguu aliouchagua jana. Hakuwa na uhuru wa kuchagua.

Wala jambo hili si la watoto wawili watatu waliopatwa na bahati mbaya. Lukemia ya ghafla inayotokana na chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti ndiyo saratani inayowapata watoto wengi zaidi ulimwenguni, na katika kila watoto watano wenye ugonjwa huo, walau mmoja huanza kwa maumivu ya mifupa au viungo. Kwa baadhi yao hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na kwa majuma kadhaa huwa ndiyo dalili pekee.

Nisieleweke vibaya. Baridi yabisi ya watoto ipo, na ni ugonjwa wa kweli unaostahili tiba ya kweli. Daktari Mwingereza, George Frederic Still, aliieleza kwa kina mwaka wa 1897 katika makala iliyoonyesha kwamba watoto nao huugua ugonjwa huu, na kwamba si nakala ndogo tu ya ule wa wazee. Lakini hebu tutazame jinsi madaktari wanavyoutambua. Ni lazima uwe umeanza kabla ya mtoto kutimiza miaka 16, uwe umedumu kwa majuma sita au zaidi katika kiungo kilichovimba, na, hili ndilo kubwa, visababishi vingine vyote vinavyojulikana viwe vimechunguzwa na kuondolewa. Kwa maneno mengine, baridi yabisi ya watoto ni jina linalotolewa mwishoni mwa uchunguzi. Sisi tumeligeuza kuwa jina la mwanzoni. Tunalitamka mlangoni, kisha tunaufunga mlango.

Zipo tofauti ambazo hata mtu asiyekuwa daktari anaweza kuziona akiwa na subira. Mtoto mwenye baridi yabisi aghalabu huamka akiwa amekakamaa viungo. Hutembea kwa shida asubuhi, na kadiri jua linavyopanda naye hulegea, akafika alasiri akicheza. Kiungo chake huonekana wazi kuwa kimevimba, ingawa pengine halalamiki sana. Mtoto mwenye lukemia mara nyingi huwa kinyume chake. Maumivu yake ni makali kuliko uvimbe unaoonekana. Humtesa usiku na kumkatiza usingizi. Huhama kutoka kiungo kimoja hadi kingine, na ukimbonyeza mfupa mbali na kiungo, huruka kwa uchungu. Ongeza hapo homa isiyokwisha, kupungua uzito, kupauka kwa ulimi na viganja, kuvilia damu bila ya kugongwa, damu kutoka puani au kwenye fizi, na tezi kuvimba shingoni au kwapani. Ishara hizi si lazima zitokee zote kwa pamoja. Moja au mbili zikiungana na maumivu ya viungo, zatosha kumtuma mtoto maabarani.

Ushahidi wa haya upo. Mwaka wa 2006 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti uliowalinganisha watoto 277 waliofika kwa wataalamu wa viungo. Miongoni mwao 206 walikuwa na baridi yabisi na 71 walikuwa na lukemia. Mambo matatu yalisaidia sana kuwatofautisha: maumivu ya usiku, chembe nyeupe zilizopungua chini ya 4,000 katika mikrolita moja ya damu, na chembe sahani zilizokuwa katika ngazi ya chini ya kawaida, yaani kati ya 150,000 na 250,000. Msomaji aangalie jambo hili la tatu kwa makini. Hesabu hiyo bado imo ndani ya mipaka inayoitwa ya kawaida, na mhudumu mwenye haraka ataandika kwamba damu ni nzuri. Lakini mtoto ambaye viungo vyake vinawaka kwa baridi yabisi hutarajiwa kuwa na chembe sahani nyingi, si chache. Hesabu ya kawaida mahali ambapo tulitarajia hesabu kubwa ni jambo la kutiliwa shaka.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine la kutuonya. Takriban robo tatu ya watoto wenye lukemia hawakuonyesha chembe changa za saratani katika damu yao walipopimwa kwa mara ya kwanza na wataalamu hao. Adui alikuwa bado amejificha kiwandani. Kwa hiyo kipimo kimoja kisichoonyesha kitu si cheti cha usalama. Mtoto akiendelea kuumwa, damu ipimwe tena, na kama shaka haijaondoka, uboho wenyewe uchukuliwe kwa sindano kutoka katika mfupa wa nyonga na kuchunguzwa. Kipimo hicho huwatisha wazazi, lakini hakuna njia nyingine ya kupata uhakika.

Sasa nirejee kwenye kile kidonge kilichompa mvulana wetu wiki tano za mbio. Hapa kuna kisa cha historia ambacho sharti kifahamike. Mwaka wa 1948 mambo mawili makubwa yalitokea Marekani. Mjini Boston, daktari Sidney Farber alichapisha matokeo ya kuwatibu watoto 16 wenye lukemia kwa dawa iitwayo aminopterini, ambapo 10 kati yao walipata nafuu, ingawa ya muda. Mwaka huo huo, katika kliniki ya Mayo, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga mgonjwa wa baridi yabisi dawa ya kotisoni, ambayo ni steroidi, na mgonjwa aliyekuwa hawezi kutembea akatembea. Hench na wanasayansi wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1950. Tangu hapo dawa za magonjwa haya mawili zimekuwa zikipishana njiani. Methotrekseti, iliyo binamu wa aminopterini, leo hutumiwa kutibu lukemia na pia, kwa dozi ndogo ya kila wiki, baridi yabisi. Steroidi nazo hutumiwa kotekote.

Hapo ndipo mtego ulipo. Steroidi huua chembe za lukemia. Ndiyo maana ni sehemu muhimu ya tiba ya ugonjwa huo ikichanganywa na dawa nyingine kwa mpango maalumu. Ikitolewa peke yake, kwa mtoto aliyedhaniwa kuwa na baridi yabisi, humpa nafuu ya haraka inayomfurahisha kila mtu. Uvimbe hupungua, homa hushuka, mtoto hula. Lakini mizizi haijang'olewa. Chembe zilizosalia ni zile zilizoweza kuistahimili dawa, na zinaporudi huwa sugu zaidi. Isitoshe, uboho ukichunguzwa wakati huo huenda usionyeshe ugonjwa vizuri, daktari akapotea njia. Nafuu aliyoipata mvulana wetu haikuwa ushahidi kwamba alikuwa na baridi yabisi. Ilikuwa ni pazia. Na dawa hizi, wasomaji wanajua, hupatikana katika maduka mengi ya dawa hata kwa mtu asiye na karatasi ya daktari.

Dawa za kawaida za maumivu nazo zina miiko yake. Aspirini na ibuprofeni huweza kuzidisha hatari ya kuvuja damu kwa mtoto ambaye chembe sahani zake ni chache. Kwa hiyo mtoto aliyepauka na mwenye alama za kuvilia damu asipewe dawa hizo shuleni eti kwa sababu ndizo zilizomo katika sanduku la huduma ya kwanza.

Ipo hoja ambayo nimeisikia mara nyingi, nayo ina uzito. Husemwa kwamba lukemia ni ugonjwa wa nadra, na kwamba tukianza kumwogopesha kila mzazi ambaye mwanawe ameumwa na mguu, hospitali zitafurika na wazazi watafilisika. Ni kweli. Watoto wengi wanaolalamikia miguu wameanguka mpirani, au wana maumivu ya kawaida ya umri wao yanayopita bila ya tiba. Sipendekezi kwamba kila anayechechemea apelekwe kupimwa saratani. Napendekeza kwamba anayechechemea kwa zaidi ya juma moja au mawili bila ya kisa kinachojulikana, au anayeamshwa usiku na maumivu, au mwenye homa na kupauka, apimwe hesabu kamili ya chembe za damu. Hicho si kipimo cha matajiri. Ni miongoni mwa vipimo vya msingi kabisa maabarani.

Na hapa kwetu Kenya kipimo hicho kina faida maradufu, kwa kuwa lukemia si ugonjwa pekee unaojivika joho la baridi yabisi. Katika sehemu zinazozunguka Ziwa Viktoria na katika Pwani wako watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, zikaleta maumivu makali ya mifupa. Iko homa inayofuata maambukizi ya koo, ambayo huvimbisha kiungo kimoja baada ya kingine na kisha kuharibu vali za moyo. Iko brusela, inayotokana na maziwa yasiyochemshwa. Kiko kifua kikuu cha mifupa. Uko usaha ndani ya kiungo, ambao usipotolewa upesi huliharibu goti milele. Kila mojawapo ina tiba yake, na hakuna hata mojawapo inayotibiwa kwa sweta. Mtoto anapopimwa kwa makini, hata kama hana lukemia, huenda akapatikana na kile alicho nacho.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini: kuna faida gani kuijua saratani ambayo itamwua tu? Hoja hii imepitwa na wakati. Katika miaka ya 1960 mtoto mwenye lukemia ya limfosaiti alikuwa na tumaini dogo mno, na chini ya mmoja kati ya kumi waliishi miaka mitano. Leo, katika nchi zenye uwezo, takriban tisa kati ya kumi huishi. Mojawapo ya dawa zilizoleta mageuzi hayo, vinkristini, hutolewa katika mmea mdogo wenye maua ya rangi ya waridi, ambao asili yake ni Madagaska na ambao hupandwa kama pambo katika bustani nyingi, pengine hata mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Ulimwenguni limeeleza kwamba ingawa zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani katika nchi tajiri hupona, katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka wa 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wenye lengo la kufikisha asilimia 60 ulimwenguni kote ifikapo mwaka wa 2030. Pengo hilo lina sababu nyingi, zikiwamo uhaba wa dawa na wazazi kuishiwa na fedha katikati ya tiba. Lakini sababu mbili huanzia mbali na hospitali kubwa: ugonjwa kutotambuliwa kabisa, na kutambuliwa ukiwa umechelewa.

Ugonjwa unapotambuliwa, maumivu ya viungo hayahitaji tiba ya peke yake ya muda mrefu. Yanatulizwa kwa dawa zilizochaguliwa kwa uangalifu, na tiba ya lukemia yenyewe inapoanza, aghalabu magoti hupoa ndani ya siku au majuma machache. Tiba yote huchukua miaka miwili hadi mitatu. Sehemu ya kwanza ni kali na mtoto hulazwa. Baadaye dawa hupunguzwa na mtoto anaweza kurudi darasani huku akiendelea kuzimeza na kwenda kliniki. Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret ni miongoni mwa mahali ambapo watoto wa nchi hii hutibiwa saratani.

Na hapo mwalimu anaingia tena. Mtoto aliyerudi shuleni kutoka katika tiba hii huenda akachechemea upya, na kila mtu akaingiwa na hofu. Pengine ni ugonjwa uliorudi, na hilo lichunguzwe. Lakini pengine ni dawa. Vinkristini huweza kudhoofisha neva za miguu, mtoto akawa anaburuta vidole na kujikwaa. Steroidi, hasa kwa waliopita umri wa miaka 10, huweza kukata mtiririko wa damu katika sehemu ya mfupa wa nyonga au goti, na mfupa huo ukafa na kuporomoka. Mtoto kama huyo akilazimishwa kukimbia katika somo la mazoezi ya viungo, ataumizwa. Akiachwa bila ya kuripotiwa, atalemaa. Aidha, kinga yake ni dhaifu. Tetekuwanga au ukambi ukizuka darasani, mzazi wake aarifiwe siku hiyo hiyo. Akipata homa, asingojee hadi jioni. Homa kwake ni dharura.

Wanafunzi nao nawaambia haya. Lukemia haiambukizi. Haipitii katika kikombe, kitanda wala mkono. Mwenzenu aliyenyonyoka nywele si wa kuchekwa wala kuogopwa. Na mkimsikia mwenzenu akilia usiku kwa maumivu, kumwambia mwalimu si uchongezi. Nyinyi ndio mashahidi wa usiku, wakati ambapo sisi walimu tumelala. Laiti kijana mmoja katika bweni lile angaliniambia, au laiti ningalimwuliza.

Serikali nayo haina budi kutimiza wajibu wake. Mwaka wa 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya mfuko wa NHIF, na mjadala umekuwa mrefu kuhusu makato na kadi. Mimi naomba tuulize pia swali dogo: je, katika hospitali ya kila kaunti ndogo, mashine ya kuhesabu chembe za damu inafanya kazi leo, na ina kemikali zake? Je, yupo mtu aliyefunzwa kutazama damu hiyo kwa hadubini? Na je, maduka ya dawa yanazuiwa kuuza steroidi kama peremende? Kadi ya bima haisaidii kitu ikiwa maabara imefungwa.

Kwa walimu wenzangu, nina ombi lililo rahisi. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, lakini dharau haikupigwa marufuku, na mtoto mgonjwa huadhibiwa hata kwa kicheko. Kila mwalimu wa darasa ana daftari la mahudhurio. Mtoto akichechemea, andika tarehe. Andika mguu gani. Mwulize kama hulala vizuri, na uulize walio karibu naye bwenini. Tazama viganja na fizi zake. Majuma mawili yakipita, mwite mzazi na umpe karatasi yenye tarehe hizo aipeleke kwa daktari, kwa maana daktari humwona mtoto kwa dakika kumi ilhali wewe umemwona kwa siku arobaini. Mfundishe mzazi maswali mawili ya kuuliza kwa adabu: Daktari, damu ya mtoto wangu imepimwa kikamilifu? Na, kabla hujampa steroidi, una hakika kwamba hili si jambo jingine?

Daftari langu la mwaka ule wa 1997 ninalo hadi leo. Mbele ya jina la mvulana yule, katika majuma ya mwanzo ya muhula wa pili, nimeandika kwa wino mwekundu kwamba amechelewa. Nimehesabu, ni mara kumi na moja. Hakuna mahali nilipoandika sababu.